Picha ya Ukutani

Manispaa ya mji mmoja wa Uingereza ilikuwa imetangaza rasmi kwamba mnara wa mateka waliouawa vitani ni mahali pa utulivu, ambapo kila mgeni atajisikia salama. Anselme, mfagizi wa uwanja wa ndege, alifika na mkewe Laurette huku akitokwa jasho katika baridi ya Novemba. Mzee mmoja akaanza kusoma majina ya wafu. Kule Kivu, Anselme alipokuwa mateka wa waasi, aliyesomwa jina alipelekwa ukutani, asirudi.

"Wakisema Anselme, unyamaze," alinong'ona.

"Baba Chancelle, hawa Waingereza wataweza hata kulitamka?" Laurette alimuuliza mumewe.

Majina yakaisha. Mzee akatabasamu, akawaomba wageni wajipange ukutani wapigwe picha.

Picha ilitoka vizuri, na manispaa imeitundika ofisini. Anselme hayumo, Laurette ameshika koti la mumewe.