Kahawa ya Mgeni

Juzi, pale Nshamba, mwanamke aliyeketi karibu nami alifungua kifurushi cha majani makavu ya mgomba, akaanza kutafuna punje za kahawa, kama ilivyo desturi ya kwetu. Harufu ile ikanirudisha wodini Bukoba, kwenye kitanda cha dada yangu.

Saratani ilikuwa imemnyamazisha. Mama akimsemesha, anageukia ukutani. Mimi mdogo wake nilikaa miguuni pake, nikiogopa hata kukohoa. Kisha akaja mshauri nasaha, mwanamke wa makamo. Aliketi tu, akangoja hadi nikadhani amesinzia.

"Kwenu mgeni hapewi kahawa?" akasema mwishowe.

Dada akageuka. Kwetu kumnyima mgeni kahawa ni aibu kubwa. Akapapasa chini ya mto, akatoa kifurushi cha kahawa alicholetewa na bibi kutoka Kanazi, akamkabidhi mgeni kwa mikono miwili iliyokonda, akimwita kwa neno letu la heshima.

"Karibu, waitu."

Wakatafuna. Harufu ya kahawa ikaishinda ya dawa. Ndipo dada akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Naogopa mama atalia peke yake."

Tangu hapo, kila alipokuja mshauri, dada alikuwa mwenyeji. Hata aliposhindwa kutafuna, alimkaribisha.

Asubuhi moja mshauri alikuta godoro limekunjwa. Mama yuko nje, ameketi chini ukutani. Mimi nimebaki na kile kifurushi. Nikakitoa kwa mikono miwili.

"Karibu, waitu."

Akatia punje mdomoni, akashindwa kuitafuna. Kisha akatoka nje, akaketi chini, ubavuni pa mama.