Mlenda wa Bwana Karani

Mume wangu alikuwa karani wa gari moshi pale Tabora, zama za Mwingereza, na kwa maoni yake karani hakuumbwa ale majani. Majani ni ya mbuzi, alisema, na ya watu wa shamba. Mimi nilikuwa mtu wa shamba. Alinioa kwetu Lusu, upande wa Nzega, ambako mlenda, yale majani ya kuteleza, hupikwa karibu kila siku, kwa karanga mavuno yakiwa mazuri, na bila karanga yakiwa mabaya. Nilipompikia mara ya kwanza aliinua tonge lake, akautazama ule utelezi ukining'inia mpaka sahanini, akauliza, "Nani ana mafua humu ndani?"

Tangu siku hiyo nikawa napika mara mbili. Chake kilikuwa wali na nyama, na asubuhi mkate mweupe na chai ya maziwa. Mimi na watoto tulikula ugali na mlenda jikoni, mlango tumeurudisha, kama watu wanaopika gongo. Yeye alikaa barazani na kaptula yake iliyopigwa pasi ikakakamaa, soksi zimepanda mpaka magotini, akiwaambia wageni kwamba mwili wa msomi unataka chakula kisafi.

Mwili wa msomi ukagoma.

Kwenye zile nyumba za kazi tulizopewa na reli tulikuwa na choo kimoja cha shimo, sisi na majirani. Mume wangu aliingia asubuhi na kopo lake la maji, na kutoka hakutoka. Ulisikika mguno tu. Nje watoto wa watu walisimama wameshika matumbo. Jirani yetu, mke wa dereva wa gari moshi, hakuwa mtu wa kunong'ona.

"Baba, huku kuna watoto! Kama unaandika barua, kaandikie ofisini!"

Alinunua haluli dukani kwa Mhindi. Ikamwendesha kutwa nzima, halafu tumbo likafunga kuliko mwanzo. Akanywa mafuta ya nyonyo, yakawa yale yale. Uso ukamvimba, kichwa kikamuuma, na nyumba nzima ikaumwa naye. Kisha akanigeukia mimi. "Umenilisha nini?"

"Nakulisha unachokitaka mwenyewe," nikamjibu. "Jaribu mlenda, baba. Utafunguka."

"Tumbo langu si la kufanyiwa majaribio ya kishamba."

Mwisho alikubali kwenda hospitali, nami nikamsindikiza kwa sababu alikuwa akitembea ameinama. Daktari alikuwa Mzungu. Kando yake alisimama dresa, msaidizi wake wa kufunga vidonda, tayari kufasiri. Mume wangu akampungia mkono anyamaze. Kiingereza alikijua. Shida ni kwamba kilikuwa Kiingereza cha mabehewa, na shuleni alikosoma hawakumfundisha neno la adabu la mambo ya chooni. Akazunguka wee, jasho likamtoka. Baadaye dresa alinieleza alichokisema: kwamba mizigo yake imekwama stesheni na haijulikani itaondoka lini. Daktari aliuliza ni mizigo gani, na kwa nini wasiulizwe watu wa reli. Dresa akageukia ukutani akakohoa.

Hapo daktari akaingia kwenye Kiswahili, kile Wazungu walichojifunza kwa maboi wao wa nyumbani.

"Wewe nakunya?"

Mlango ulikuwa wazi. Wagonjwa wote kwenye benchi la nje wakaacha kuzungumza ili wasikie jibu.

"Kidogo sana, bwana daktari."

"Nakula majani?"

"Hapana, bwana daktari. Mimi ni karani."

Yule Mzungu akanigeukia mimi. "Mama, wewe nakula majani?"

"Kila siku, bwana."

"Nakunya?"

Niliangalia sakafu kwa haya, lakini ukweli ni ukweli. "Vizuri tu, bwana."

"Basi. Karani nakula chakula ya mama."

Mchana ule alikula mlenda amefumba macho, kama mtoto anayenyweshwa kwinini. Haikufika Jumapili, aliingia chooni na kutoka upesi, akipiga mluzi, mpaka mke wa dereva akachungulia dirishani kuhakikisha ni yeye.

Mtu wa namna hii akipona hapo ndipo tabu inapoanza. Baada ya misa aliwasimamisha watu uani mwa kanisa, akawahubiria kwamba mlenda unalainisha tumbo, unatia damu, unang'arisha macho, na kwamba jambo hili limegunduliwa na Wazungu. Mama yangu alipokuja kutoka Lusu na kifurushi cha mlenda mkavu alioukausha mwenyewe, mkwewe alimpa somo hata maji hajanywa.

"Mlenda una faida kubwa sana, mama. Huko kwenu mnaujua?"

Mama yangu hakuweza kumkazia macho mkwewe. Alitazama magoti yake. "Ndiyo, baba. Ahsante, baba." Alipofika jikoni alicheka mpaka akashika ukuta, akaniuliza kwa Kinyamwezi, "Huyu ni mzima?"

"Sasa ndiyo mzima, mama."

Nilicheka naye, lakini iliniuma. Neno lilipotoka kinywani mwangu lilikuwa ushamba. Lilipotoka kwa Mzungu, tena kwa Kiswahili kilichovunjika miguu yote, likawa elimu. Kwa hiyo siku mume wangu aliposimama mlangoni mwa jiko kunifundisha namna ya kupika mlenda, kwamba karanga nimezidisha na daktari asingependa, niliuweka mwiko chini.

"Basi nenda kapikiwe na daktari."

Alikwenda barazani akakaa. Watoto na mimi tukala. Njaa ilipomrudisha alikuta nimemwachia kiasi, na alikula bila kutoa maoni.

Aliishi miaka mingi, tumbo likienda kama saa, na uzeeni alikuwa akisimulia kwamba watu wa Tabora walifundishwa na yeye kula mlenda. Wanawake wa kanisani walimwachia. Mimi sikumwachia. Kila aliposimulia nikiwepo, niliongeza kipande cha hospitali, pamoja na maneno ya daktari yote kama alivyoyatamka, mpaka akazoea kungoja niende kisimani ndipo aanze.