Shada la Maikrofoni

Ukisikia watu wanamwita Mpira usidhani aliwahi kucheza namba tisa. Kupiga danadana hawezi hata mbili. Jina lilitoka kwenye vipande vya tyubu ya baiskeli anavyotembea navyo mfukoni tangu aanze kazi ya redio. Mkewe kila akifua suruali anavikuta.

"Baba Pacha, hivi ulioa mke au ulioa baiskeli?"

"Baiskeli haigombi, mama."

Mpira ni fundi sauti wa redio ndogo iliyo juu ya duka la magodoro. Zamani, msimu wa kampeni, yeye ndiye alikuwa wa kwanza uwanjani. Jukwaa bado linapigwa misumari, Mpira keshafika. Mafundi wa redio zingine wanakuja mmoja mmoja, kila mtu na maikrofoni yake, wanamkabidhi. Anazikusanya shada moja, anazungusha tyubu, anavuta kwa meno, anakaza. Sheria yao ilikuwa moja tu: aliyewahi anakaa katikati, aliyechelewa anafungwa pembeni, hakuna kununiana.

Wagombea walimjua. Kulikuwa na mmoja, Mzee Kofia, hapandi jukwaani bila kumtania.

"Mpira, umeshafunga?"

"Tayari, mkuu."

"Haya, ngoja nianze kudanganya."

Uwanja mzima unaangua kicheko, na kicheko chote kinaingia redioni. Watu wakizomea, inaingia. Mtoto akilia, inaingia. Mzee Kofia akibanwa na swali alikuwa anajikuna kisogo weee, na ukitega sikio nyumbani kwako unaisikia ile kwaru kwaru. Ilikuwa raha, acha kabisa.

Mwaka huu ndiyo kampeni ya mwisho ya Mpira kabla hajapumzika kazi. Alikuwa na hamu moja tu, aufunge tena uwanja ule na kelele zake zote, halafu basi, akalee wajukuu. Akafika getini asubuhi, tyubu mfukoni. Kijana mmoja mwenye waya sikioni akamzuia.

"Mzee, redio yenu haina beji."

"Kisa?"

"Juzi mlimrusha yule nesi anayelalamika zahanati haina dawa. Mheshimiwa mgombea hakupenda."

"Sasa hotuba tutaipataje?"

"Mtatumiwa kwenye simu. Ikishasafishwa."

"Kwani huwa inachafuka?"

Kijana alitaka kucheka, akakumbuka kazi. "Sogea mzee wangu, unaziba njia."

Mpira akasogea, lakini nyumbani hakurudi. Alizunguka uzio wa waya mpaka nyuma ya vyoo, ambako spika moja ilikuwa imegeuzwa upande ule. Akatafuta nguzo, akafunga maikrofoni yake kwa tyubu, akavaa hedifoni. Peke yake. Katika maisha yake yote hajawahi kuiona maikrofoni moja ikining'inia hivyo. Ilimuuma, utadhani ni mtu aliyesuswa kwenye harusi.

Mheshimiwa akaongea. Alipofika kwenye dawa za zahanati, akaahidi zitajaa mpaka zimwagike. Hapo ndipo mama mmoja aliyekuwa karibu na uzio akapaza sauti: "Kipindi kile ulisema hivyo hivyo! Mwanangu kanifia kwenye benchi!" Halafu mmoja akadakia, "Jibu!" Wakaitika wengi, "Jibu! Jibu!" Spika ikakata, kwap. Iliporudi, ulikuwa ni muziki.

Mpira akafungua tyubu, akaondoka na maikrofoni yake.

Ofisini alimkuta mhariri, dada aliyeanza kazi siku nyingi akiwa anambebea Mpira nyaya. Ile sauti iliyosafishwa ilikuwa imeshaingia. Wakaisikiliza. Kwenye dawa, badala ya yule mama, palikuwa na makofi. Makofi mazuri, yamenyooka, kama watu wote wana viganja vya aina moja.

"Yametolewa mahali pengine haya," Mpira akasema. Akamchomekea ya kwake.

Mhariri alisikiliza mpaka mwisho akiwa ameinamisha kichwa. "Kaka, wameshapiga simu. Tukirusha nyingine tofauti na yao, hatuingii tena mpaka uchaguzi uishe. Na watasema tumeitengeneza sisi."

"Hatuingii? Kwani leo tumeingia?"

Dada akamtazama. Kicheko kikamtoka, halafu machozi yakamlengalenga. "Unamkumbuka Mzee Kofia akijikuna?"

"Namsikia mpaka kesho."

"Weka ya mama," akasema. "Yote. Na muziki wao uache humo humo."

Wakairusha kwenye taarifa ya jioni. Chini, muuza magodoro alizima feni ili asikie vizuri. Kabla taarifa haijaisha simu ya mhariri ilikuwa inaita: waongo, wachochezi, msikanyage kwenye mikutano yetu. Na kweli ndani hawakukanyaga.

Mkutano uliofuata Mpira alikwenda moja kwa moja nyuma, hata getini hakupita. Anakaza tyubu kwenye nguzo, akasikia mtu anamwita kwa ndani ya uzio. Alikuwa fundi wa redio moja kubwa, jamaa wa siku zile zile, shingoni beji inang'aa.

"Wewe si una beji," Mpira akamwambia. "Huku chooni unatafuta nini?"

"Ndani wametuweka kwenye turubai. Tunakunywa soda, sauti tunatumiwa kwenye simu." Akapenyeza maikrofoni yake kwenye tundu la uzio. "Nifunge na mimi, bwana."

"Bosi wako atairusha?"

"Sijui. Lakini iwepo."

Mpira akaipokea. Akaibandika ubavuni mwa yake, akazungusha tyubu, akavuta kwa meno.

"Umechelewa," akamwambia. "Unakaa pembeni."

"Nakaa popote, babu. Kaza tu."