Mama Kalekye Wawili

Mimi ni Kasiva, na kazi yangu ni kupiga picha za nyumba. Watu wanapigwa na wengine. Mimi napiga sebule, jikoni, ngazi, veranda, na uso wa jengo jua likiwa limekaa upande mzuri. Mwenye nyumba anataka wapangaji, ajenti anataka mnunuzi, basi wananiita. Nimepiga nyumba nyingi za Machakos mjini, za Athi River na za Mlolongo, na hakuna hata moja niliyowahi kuiita yangu.

Shule niliacha darasa la pili. Kamera nilifundishwa na Kimanzi, aliyekuwa na studio ndogo karibu na stendi ya mabasi. Mwaka wa tisini nilienda kwake kupigwa picha ya kitambulisho, nikakaa. Siwezi kusema niliolewa, kwa sababu kwetu Ukambani mwanamke haolewi kwa kukaa. Mwanamume hupeleka mbuzi kwa baba wa msichana, mbuzi wa ntheo, na kabla mbuzi hao hawajafungwa kwenye boma la baba, hata mkizaa watoto kumi, wewe ni mgeni aliyekawia kuondoka. Ukifa, huna kaburi kwa mume.

Kila Disemba nilimwuliza. Kila Disemba alijibu, "Mwaka huu studio ilikuwa mbaya. Mwakani." Alisema kwa upole, na mimi nilikuwa mtu wa kuamini sauti ya upole.

Tulipopata msichana tulimpa jina la mama yake Kimanzi, Kalekye, kama inavyotakiwa, maana binti wa kwanza ni wa nyanya mzaa baba. Mimi nikawa Mama Kalekye, yeye Baba Kalekye. Mtoto mwenyewe nilimwita mwaitu, yaani mama, kwa sababu jina la mama mkwe halitajwi ovyo. Mama mkwe alikaa Kithyoko, upande wa Masinga. Alipougua mguu nilienda kumwosha na kumpikia mpaka akatembea. Yote ambayo mke hufanya niliyafanya. Nilidhani mbuzi watafuata.

Kazi ya nyumba ilianzia kwa Ruqiya. Mumewe, Isse, alikuwa mfanyabiashara wa mifugo, na alikuwa amejenga nyumba kubwa mjini ambayo alitaka kuipangisha kwa shirika la wageni. Wageni walitaka picha kwanza. Kimanzi alienda na kamera, mimi nikambebea stendi ya miguu mitatu. Ruqiya alisimama mlangoni.

"Wewe utapiga nje," alimwambia Kimanzi. "Ndani kuna mabinti zangu. Ndani ataingia huyu."

"Huyu hajui kamera, mama."

"Si umfundishe? Mimi niko hapa, sina haraka."

Kimanzi alicheka, akanifundisha pale pale kwenye veranda. Filamu ya kwanza niliiharibu. Nilikuwa nimeinua kamera juu na kuiinamisha, na kuta zote zikalala. Ruqiya alizitazama zile picha, akaniambia, "Mama Kalekye, nyumba yangu umeilewesha." Nilirudi. Safari hiyo niliishusha stendi mpaka usawa wa kifua, nikazima taa kwa sababu filamu huzifanya za manjano, nikafungua mapazia, na upande wenye giza nikamwomba binti mmoja anishikie shuka jeupe ili lirudishe mwanga. Kuta zilisimama.

Nyumba ilipata wageni upesi. Isse alifurahi hata akaniletea mbuzi juu ya malipo, mbuzi weupe wa kaskazini, warefu. Alisema, "Hawa ni wa mama, si wa studio."

Nilimshika Kimanzi mkono. "Baba Kalekye, hawa ndio wa baba yangu."

"Ndio hao," alisema. "Lakini wamekonda na safari. Wakae kwanza Kithyoko kwa mama, wanone. Disemba tunawapeleka kwenu."

Nilikubali. Baba yangu aliambiwa na kaka yangu, Kitheka, kwamba mbuzi wako njiani, na alitengeneza boma. Disemba hiyo Kimanzi alisema mbuzi wamepata ugonjwa. Baadaye akasema wamekufa. Baba alikufa mwaka uliofuata, na boma lile lilibaki wazi mpaka mchwa wakaila miti.

Baada ya nyumba ya Isse sikukosa kazi. Wake wa matajiri, Wasomali kwa Wakamba, walipendelea mwanamke aingie vyumbani mwao. Kimanzi alipiga nje, mimi ndani. Nilijua cha kuondoa. Nyumba ya biashara haitakiwi kuonekana ina mwenyewe. Unaondoa viatu mlangoni, kalenda, dawa ya kikohozi, mswaki, na picha zote za ukutani. Anayetazama anataka kujiona yeye mle ndani. Nilizoea kazi hiyo hata nikawa naingia sebuleni kwa mtu, mikono inaenda ukutani yenyewe, inashusha sura za watu bila mimi kuzitazama.

Mwaka wa elfu mbili na mbili ajenti mmoja alipiga simu studio. Kuna ghorofa Mlolongo, nyuma ya mizani ya malori, mwenyewe anauza, picha zinatakiwa kesho. Alikuwa amemtafuta Kimanzi kwa simu ya mkononi hakumpata. Kimanzi alikuwa ameniaga kwamba anaenda Kithyoko kwa mama yake. Nikasema nitaenda mimi.

"Ukifika uliza nyumba ya juu kabisa," ajenti alisema. "Yule mama ndiye msafi kuliko wote. Nimeshamwambia."

Mama huyo aliitwa Mbula. Alikuwa mdogo wangu kwa miaka mingi, mnene kidogo, mwenye kucheka.

"Karibu, mama. Nimepiga deki mara mbili, hilo vumbi la machimbo halichoki. Vua viatu tu."

"Usihangaike, nitavuruga kila kitu," nilimwambia. "Inatakiwa ionekane haina mtu."

"Hata sisi tunafichwa?"

"Hata nyinyi."

"Basi nifiche vizuri. Mwenye nyumba amenizoea sana, kila mwisho wa mwezi yuko mlangoni."

Nilicheka naye. Nilipenda nyumba yake, sitasema uongo. Dirisha lilitazama mashariki na mwanga ulikuwa umejaa mpaka kwenye kona. Nilitoa viatu, nikasogeza kiti, nikashusha picha ya ukutani na kuikumbatia huku nikitafuta pa kuiweka. Ndipo jirani aliita mlangoni.

"Mama Kalekye!"

"Naam," nikasema.

"Naam," Mbula akasema.

Tulisema pamoja. Jirani alitutazama mmoja mmoja. "Kwani nimeita wangapi? Mimi nataka chumvi tu."

Mbula alimpa chumvi, akarudi akicheka. "Kumbe na wewe uko na Kalekye?"

"Niko naye. Anaenda darasa la sita."

"Wangu ni mdogo, amelala huko chumbani. Ni jina la susu yake, mama ya baba yake. Si ndiye huyo umeshika?"

Nikaigeuza ile picha. Mama mkwe wangu alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele ya ghala lake Kithyoko, amevaa kitenge cha kijani nilichomnunulia mguu ulipopona. Kwenye kona ya chini, juu ya mchanga, kulikuwa na kivuli cha mtu aliyeinua mikono usoni. Ni mimi niliyeipiga picha ile. Kivuli ni changu. Nilikuwa nimetundikwa ukutani mwa Mbula siku zote hizo.

"Huyo mzee ananipenda," Mbula aliendelea. "Siku ya ntheo alikuja mwenyewe mpaka kwetu na huo mguu wake. Na mbuzi waliokuja nao, mama, weupe kabisa, wa Kisomali. Baba yangu mpaka leo anawasimulia watu."

Nilimwuliza ilikuwa lini. Alisema Disemba ile. Ile ambayo baba yangu alitengeneza boma.

"Mama, hiyo picha iweke tu hapo kwenye kiti. Umekunywa chai kweli?"

"Bado."

"Ngoja nikuwekee."

Nikanywa chai yake, kwa sababu sikujua namna ya kuikataa. Halafu nikapiga picha. Nilishusha stendi, nikatazama kuta zisilale, nikangoja wingu lipite. Zilikuwa picha nzuri. Ajenti alizisifu, na ghorofa likauzwa. Mbula sikumwambia kitu. Nilimchukia, na namchukia bado, ingawa najua kwamba hakunijua. Alikuja kusikia kwa wengine.

Kimanzi aliporudi nilimwuliza akiwa amekaa kwenye kiti cha wateja.

"Mbuzi wa Isse walikufa?"

Alifungua mkoba wa kamera, akaufunga. Kisha akasema, "Ulienda Mlolongo."

"Nilitumwa kazi."

"Mama Kalekye, usikasirike. Baba yake yule wa Mlolongo alikuwa mkali, alitaka kunishtaki kwa chifu. Baba yako alikuwa mtu mpole."

"Kwa hiyo ungenioa kama baba yangu angekuwa mkali?"

"Wewe uko na kazi mikononi. Yule hana kitu. Tumeishi vibaya sisi? Nimewahi kukupiga?"

Hakuwahi kunipiga. Alitaka nimshukuru kwa hilo.

Nilienda Kithyoko. Mama mkwe alikuwa akipepeta pojo, na aliponiona aliweka ungo chini, akajua.

"Mwaitu," nilimwambia, "ulitembea kwa mguu nilioukanda mimi."

Alivuta leso akaufunika ule mguu. Ni mwanamke wa kanisa, hasemi uongo, na ndiyo maana aliniumiza kuliko wote. "Kasiva," alisema, "wewe ni mtoto wangu. Hakuna aliyeniosha kama wewe. Lakini mke wa mwanangu ni yule aliyetolewa ntheo. Nifanye nini mimi? Mbuzi nilikuta wameshafungwa kamba."

"Ungesema ni wangu."

"Ningesema mbele ya nani? Mimi pia niliolewa huku."

Nilihama na binti yangu, nikakodi chumba mjini. Ruqiya alinisaidia kupata kamera nyingine, na kila mwanamke aliyeniulizia alimwelekeza chumbani kwangu. Kimanzi aliendelea kupiga nje za majengo. Za ndani hazikuja tena, na bila za ndani hata za nje zilipungua.

Ndipo alipokumbuka mbuzi. Kitheka alinipigia simu nije nyumbani Mwala Jumamosi, wazee wamekaa. Nilifika nikakuta gari la Kimanzi uani, mbuzi wamefungwa kwenye mti, na wazee wawili wa ukoo wameshapewa viti. Kaka yangu alikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeiona kwake tangu baba afe.

"Umeona?" aliniambia. "Amekuja kama mwanamume."

Nitasema ukweli. Nilipowaona wale mbuzi moyo uliruka kama wa msichana. Miaka kumi na mitatu niliwangoja. Nilitaka kwenda kuwagusa.

Nikakaa chini, nikawauliza wazee, "Nikiwapokea hawa, nitakuwa mke wa ngapi?"

Mzee mmoja alikohoa. "Wa pili. Nyumba kubwa ni ya aliyetangulia kutolewa."

"Hata kama nilikuwa kwa huyu, Mbula akiwa bado anacheza kwa mama yake?"

"Kukaa hakuhesabiwi, mwanangu. Unajua."

"Kwa hiyo nitamwamkia Mbula kama mkubwa wangu."

"Ni heshima tu," Kitheka alisema. "Utamwona wapi? Wewe uko Machakos, yeye Mlolongo."

"Hawa mbuzi warudi," nikasema.

Kitheka alisimama. "Kasiva, wewe si msichana. Nani mwingine atakuja na mbuzi hapa? Ukifa utazikwa wapi? Mimi niko na watoto wa kiume wanne, hili shamba unaliona."

"Umenihesabia kaburi kabla sijaugua."

"Nakuambia mambo yalivyo. Na huyo mtoto wako anaitwa jina la watu ambao si wake."

Hapo alisema kweli. Binti yangu amekuwa mkubwa, na watu wakimwuliza ni wa ukoo gani hutaja shule yake.

Nilimtazama Kimanzi. Tangu nifike alikuwa akichezea funguo za gari. Nilikuwa tayari, nasema haya kwa aibu, kama angesema tu kwamba mimi ndiye wa kwanza, kwamba wazee waseme watakavyo lakini yeye anajua, ningepokea mbuzi wale, ningemwamkia Mbula kila siku ya maisha yangu. Sikutaka zaidi ya hapo. Mzee wa pili alimwuliza kama ana la kusema.

Alisema hana.

Akainuka, akaenda kwenye mti akaanza kufungua kamba. Mlango wa nyuma wa gari ulikuwa umekwama, na mbuzi mmoja alikuwa akivuta kuelekea kwenye mahindi ya kaka yangu. Kimanzi alinigeukia, kama alivyokuwa akinigeukia kazini, akanyoosha mkono wenye kamba.

"Nishikie huyu kidogo," alisema.

Nikamshikia mpaka mlango ukafunguka.