Neno la Kigiriki Kwenye Kaburi la Kisilu

Kisilu aliokoka mwezi wa Juni, baada ya miaka arobaini ya kuuza mbuzi sokoni Ikutha na kuwacheka watu wa kanisa. Mkewe, Kanyiva, alimsihi Pasta Mulwa ambatize Jumapili hiyo hiyo. Pasta alikataa. Kanisa lao huzamisha watu mtoni tu, na mto wao, Tiva, wakati wa kiangazi ni mchanga mtupu.

"Tungoje mvua ya Novemba, mama," alisema. "Mungu hana haraka."

Oktoba kifua kilimbana Kisilu siku tatu, akafa.

Jeneza likiwa kando ya kaburi, Pasta alifungua daftari lake la kozi ya Biblia na kutangaza kwamba hatamwombea marehemu. Petro, alisema, aliwaambia watu wabatizwe "eis" msamaha wa dhambi. "Eis ni Kigiriki. Maana yake kuelekea, kuingia. Marehemu hakuingia." Alilitamka neno lile taratibu, kama mtu anayemung'unya peremende mbele ya wenye njaa. Wasomi wamelibishania kwa karne nyingi, wengine wakisema linatazama nyuma, kwenye msamaha uliokwisha kutolewa. Hilo hakulitaja.

Kanyiva alisogea. "Hilo neno ulilijua lini, Pasta?"

"Mwaka juzi, kozini."

"Basi Juni ulikuwa unalijua."

"Ndiyo, mama."

"Ulijua mume wangu bado amebeba dhambi zake zote, ukamwambia angoje mawingu?"

Pasta alikohoa. "Utaratibu wetu ni mto."

"Ng'ombe wetu wanazamishwa joshoni hata kiangazi!" alipaza sauti Kavindu, dada ya marehemu. "Ama Kisilu alikuwa mchafu kuliko ng'ombe?"

Watu walicheka, kisha wakaona aibu. Pasta hakuona. Alipangusa vumbi kwenye viatu vyake kwa leso nyeupe, akaenda kuketi chini ya hema, kiti chake kikielekea sufuria za wali. Kila upepo ulipopita, alinyoosha shingo kunusa.

Kanyiva aliinama, akashika udongo.

"Mungu, huyu ni Kisilu. Alikuwa tayari tangu Juni. Aliyemchelewesha amekaa pale, anangoja chakula. Mpokee."

Kanisa zima likaitikia amina. Wazee wa kanisa wakavua makoti, wakachukua sepetu, wakaanza kufukia.