Taa Moja kwa Uso wa Bibi

Bibi yangu mzaa mama alikuwa na bahasha ya kaki aliyoitunza chini ya godoro, nyumbani kwake Butiama, na ndani yake mlikuwa na picha zote alizowahi kupigwa. Hazikuzidi sita. Siku niliyomwomba anikubalie nimpige picha kwa ajili ya kazi ya chuo, aliitoa ile bahasha, akachomoa picha ya kwaya ya akina mama wa kanisani, akaweka kidole kwenye mstari wa nyuma.

"Niko hapa," alisema.

Niliangalia. Niliona kilemba cheupe, kola nyeupe ya sare, na katikati yake weusi mtupu wenye meno.

"Picha zinanikataaga, mama. Wenzangu wote wanatokeaga vizuri, mimi natokeaga meno. Katafute bibi mwingine, mweupe mweupe, huko huko Musoma."

Nilikuwa mwaka wa pili wa masomo ya upigaji picha. Chuo kilikuwa Musoma, nami nilipanga chumba Nyasho pamoja na mwanafunzi mwenzangu, binti wa wavuvi kutoka upande wa Nyegina. Studio yetu ilikuwa ghala la zamani lililopakwa rangi nyeusi mpaka kwenye vioo vya madirisha. Humo ndani hakukuwa na mwanga mpaka uuwashe mwenyewe. Mwalimu wa studio, mtu wa maneno machache na kalamu nyekundu, alitupa kazi moja moja muhula mzima. Kupiga chupa ya glasi. Kupiga sufuria linalong'aa. Kupiga kitambaa cheusi kilicholala juu ya kitambaa cheusi. Zote hizo nilizifaulu. Kazi ya nne ndiyo iliyonikwamisha: uso wa mtu mzima aliyezeeka, kwa taa moja, bila kurekebisha chochote kwenye kompyuta, pamoja na daftari la utafiti linaloeleza kwa nini taa umeiweka pale ulipoiweka.

Kwa kuwa bibi alikuwa amekataa, nilianza kwa kujifunzia kwa mwenzangu, ambaye ngozi yake ni nyeusi tii kama ya bibi. Nilifuata kitabu. Taa niliiweka mbele yake, juu kidogo, upande wa kulia. Paji la uso likang'aa kama limemwagiwa mafuta ya kula, na mashavu yakapotea. Nikaongeza nguvu ya taa. Mng'ao ukazidi, na sehemu iliyobaki ikawa kijivu kama majivu ya jikoni.

Mwalimu alichora duara jekundu kwenye paji la uso. "Rudia."

Nikarudia. Akaniambia nirudie tena. Mara ya tatu nilishindwa kujizuia.

"Mwalimu, nimefuata kitabu neno kwa neno!"

Alikichukua kitabu mkononi mwangu, akakifungua kwenye ukurasa wa mifano, akakiweka karibu na picha yangu. "Hebu niambie. Hawa wa kwenye kitabu wanafanana na mwenzako?"

Hawakufanana. Wote walikuwa Wazungu.

"Basi kitabu kimeishia hapo," alisema. "Endelea wewe."

Niliondoka nimekasirika. Niliona kama amenitupa katikati ya njia. Usiku wa kuamkia Jumamosi sikulala vizuri, na asubuhi mwenzangu aliponiambia anakwenda kuwasalimia wazazi wake, nilimfuata tu ili nisibaki na lile daftari tupu.

Tulifika ufukweni kama saa tatu. Akina mama walikuwa wameanika dagaa kwenye nyavu zilizotandazwa mchangani, eneo kubwa kama uwanja wa mpira, na walikuwa wameinama wakiwageuza. Mama wa mwenzangu alikuwa mmoja wao. Nilimwamkia, naye akainua uso kuitikia, nami nikasahau salamu niliyokuwa nimeianza.

Uso wake wote ulionekana. Mfupa wa shavu, mstari wa kando ya mdomo, kope, hata vinyweleo vidogo vya kwenye nyusi. Na alikuwa mweusi, mweusi kabisa, wala hakuna sehemu iliyokuwa kijivu. Jua lilikuwa mgongoni kwake. Mwanga uliomfikia usoni ulikuwa unatoka chini, kwenye dagaa, eneo lote lile la rangi ya fedha likimwangaza kwa upole.

"Unatuangalia nini, mtoto wa watu?" aliniuliza. "Njoo ugeuze dagaa."

Nikageuza dagaa mpaka mgongo ukauma, na kila aliyenyanyuka nilimtazama. Niliomba mmoja ageuke kushoto, mwingine arudi hatua mbili. Walicheka sana. Mmoja alimuuliza mwenzangu kama mimi huwaga nina akili timamu. Lakini jambo lilikuwa limeshafunguka kichwani. Nilikuwa nikiongeza nguvu ya taa, kumbe nilichohitaji ni ukubwa wake. Ngozi nyeusi inarudisha kile inachokitazama, kama maji yanavyorudisha anga. Ukiiwekea taa ndogo kali, itakurudishia nukta ndogo kali. Ukiiwekea kitu kipana, cheupe, cha karibu, itakurudishia uso mzima.

Jumatatu niliingia studio na shuka langu jeupe la kitandani. Nililitundika kwenye stendi mbili, nikaigeuza taa ilipige shuka badala ya kumpiga mwenzangu, nikalisogeza shuka mpaka likakaribia kugusa shavu lake. Kisha nikaacha kuisikiliza kamera, kwa sababu kamera ikiona weusi mwingi hudhani kuna giza na kuongeza mwanga hovyo, na ndiyo iliyokuwa ikiniletea majivu. Nilipima mwanga mwenyewe, nikaupunguza, nikabonyeza.

Mwenzangu alikuja kuangalia kwenye skrini. Akasema polepole, "Kumbe niko hivi."

Mwalimu aliitazama picha ile kwa muda mrefu, na kalamu yake ikabaki mfukoni. "Nani amekufundisha?"

"Dagaa, mwalimu."

Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka. Kisha akanikumbusha kwamba mwenzangu hakuwa mzee.

Niliichapa picha ile, nikaenda nayo Butiama. Bibi aliivutia karibu na macho, akaisogeza mbali, akairudisha karibu.

"Huyu naye ni mweusi."

"Kama wewe."

"Na ametokea." Aliiweka mezani, akaigeuza juu chini, akaigeuza tena. "Njoo Jumamosi. Nitakuwa nimeoga."

Jumamosi tulikwenda wawili, mimi na mwenzangu, kwa bodaboda mbili, moja ikiwa imebeba taa na stendi zimefungwa kwa kamba ya mpira. Bibi alikuwa amevaa gauni la bluu la kanisani na amekwishaweka kiti sebuleni. Nilifunga kila kitu, nikachomeka taa ukutani, nikawasha. Taa haikuwaka. Nikabonyeza swichi ya sebule. Nayo hivyo hivyo. Umeme ulikuwa umekatika kijiji kizima.

Tulisubiri mpaka saa nne ikapita. Bibi alianza kufungua kilemba. "Si nilikuambia? Zinanikataa."

"Usivue, bibi!"

Nilitoka nje na shuka mkononi. Jua lilikuwa kali uani. Nililitandaza shuka kwenye kamba ya nguo, mkabala na mlango, likawaka jeupe mpaka nikafumba macho. Tulikihamishia kiti mlangoni, kwa ndani, hatua moja tu kutoka kizingitini. Upande wa pili mwenzangu alishika blanketi jeusi la bibi ili kivuli kibaki kivuli.

"Nicheke?" bibi aliuliza.

"Hapana. Kaa tu kama unavyokaaga."

"Basi na wewe acha kutetemeka, unanitia wasiwasi."

Nilichuchumaa, nikaegemeza viwiko kwenye magoti. Nilishusha pumzi, nikapiga. Nilipomaliza nilitaka kumwonyesha kwenye kamera, akakataa. Alisema kioo kile ni kidogo kwa macho yake, atakuja kuiona ikiwa kubwa.

Mwalimu aliitazama ile picha akauliza swali moja. "Taa yako iko wapi?"

"Umeme ulikatika. Taa ni jua, mwalimu. Na ni moja."

Alivuta daftari langu, akasoma ukurasa kwa ukurasa, michoro yangu ya vichwa kama mayai, vipimo vya umbali wa shuka, hata mchoro wa nyavu za dagaa. Mimi nilisimama nikihesabu pumzi. Mwishowe akaandika alama, na sikuwa nimewahi kuona alama kama ile kwenye karatasi yenye jina langu. Akasema picha ichapwe kubwa, iwe ya kwanza mlangoni kwenye maonyesho ya wanafunzi yaliyopangwa kufanyika Bunda.

Bibi alikuja Bunda na akina mama watano, wote wamevaa sare. Niliwapokea nje ya ukumbi. Alipita mlango, akainua macho, akasimama.

"Mama," alisema.

Nilidhani ananiita. "Naam, bibi."

Hakunisikia. Alikuwa anaisogelea picha taratibu, mkono mmoja umeinuliwa. "Huyu ni mama yangu," alisema. "Angalieni. Mdomo wa mama yangu huu."

Mama yake hakuwahi kupigwa picha hata moja. Alifariki bibi akiwa msichana, na mimi sikuwahi hata kumsikia bibi akielezea sura yake. Bibi aligusa kando ya mdomo wake mwenyewe, akafuata ule mstari kwa kidole mpaka kidevuni, akiitazama picha kama mtu anayetazama kioo. Machozi yalimtoka, na wakati huo huo alikuwa anacheka. Mmoja wa wale akina mama alipiga kigelegele, wengine wakampokea, na ukumbi mzima ukageuka kutuangalia.

Baada ya hapo hakuna aliyeweza kumtoa pale. Alisimama pembeni ya picha mpaka mchana, akisalimiana na watu na kuwaeleza. "Wanatundika shuka," nilimsikia akimwambia bwana mmoja mwenye kamera shingoni. "Kamera ikimwona mtu mweusi inaogopa. Lazima uijue namna ya kuituliza." Yule bwana alitoa daftari akaandika.

Mwalimu alikuja, akamwamkia kwa heshima, akanigeukia. Alisema wanafunzi wa mwaka wa kwanza wangeanza kazi za sura wiki iliyofuata, na angependa somo la kwanza nilifundishe mimi.

"Atafundisha," bibi alimjibu. "Jumatatu saa ngapi?"

"Saa mbili asubuhi, mama."

"Atakuwepo."

Na Jumatatu, saa mbili kasoro, nilikuwepo, shuka begani, nikiwasubiri wanafunzi mlangoni mwa studio.