Nusu ya Mzunguko

Siku ya tatu baada ya kumzika bwana yangu, shemeji aliniletea gari yetu kutoka Bunyakiri, huko chini ambako homa ilimkamata na kumuua. Ilipanda mpaka Bukavu ikitoa moshi mweusi.

"Maman, moteri imekufa," shemeji alisema. "Utafute fundi."

Nilimjibu kwamba moteri iko nzima. Hakuniamini, na sikuwa na nguvu ya kubishana. Huku kwetu juu hewa ni nyepesi, kwa hiyo lazima mafuta yapunguzwe. Kila akishuka Bunyakiri, bwana yangu alilegeza skrubu ya kabureta nusu ya mzunguko. Akirudi, aliikaza palepale uani kabla hata ya kunisalimia, akiniita niingie garini nimkanyagie mafuta. Jambo hilo liliniudhi miaka yote.

Sasa shemeji ndiye aliyekanyaga, maana hakutaka kuchafua suti yake ya abakosti. Nilichukua turnevisi ya kugeuzia skrubu, nikaikaza polepole. Moshi ukapungua, ukaisha, moteri ikatulia. Watu wa kilio waliokaa barazani walinitazama wakingoja nilie. Sikulia. Nilijipangusa mikono kwa kitenge changu cheusi.

"Ajabu," shemeji alisema. "Sasa iko kama vile haikushuka."

Ndipo nilipoelewa nilichofanya. Mpaka asubuhi ile, skrubu ilikuwa bado imekaa pale ulipoiacha mkono wa bwana yangu.